Kwa nini kibweta chako kinagoma kufunguka kifuku: mbao inavyotembea na namna ya kwenda nayo

Kibweta changu cha kwanza cha kuonekana mbele za watu nilimpa dada yangu hapa Mtwara, mwezi wa pili, katikati ya kifuku, yaani msimu wa mvua, zinanyesha kweli kweli. Kilikuwa cha paini, sentimita 30 kwa 20, kitako nimekipaka gundi pande zote nne na juu yake nikapiga misumari, nikijua huo ndo uimara wenyewe. Mwezi wa saba, usiku, wakasikia pa! chumbani, kuwasha taa kitako kimepasuka toka kichwa hiki mpaka kile, mstari umenyooka kama umepigwa na rula na ufa unapitisha kadi ya benki. Hakuna aliyekiangusha wala aliyekikalia. Hereni zake na bangili zilikuwa humo humo, zimetulia. Iliniuma sana, manake nilikaa wiki tatu nikikifanya kila nikitoka kazini.

Nikaanza kuuliza. Fundi wa kwanza akasema mbao ilikuwa mbichi, wa pili akasema gundi feki, wa tatu akasema paini ndo zilivyo hazina adabu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli lakini ukiviunganisha bado jibu hupati, kwa sababu nimeshaona kasha la mninga mkavu na gundi nzuri nalo limepasuka. Jibu ni kwamba mbao haitulii. Mti umekatwa, umepasuliwa, umekaa stoo miaka kumi, lakini ubao bado unanywa unyevu wa hewani na kuutoa, ukinywa unanenepa na ukitoa unakonda, na utafanya hivyo mwaka hadi mwaka. Wengi tunaoanza kazi hii ya vibweta kama kitu cha kupumzishia akili tunafundishwa viungo, tunafundishwa msasa, tunafundishwa vanishi, kila kitu peke yake, na hatuambiwi kwamba vyote hivyo vinaguswa na hilo moja.

Tuanze na mbao yenyewe. Chukua mzigo wa mabua ya mtama uliofungwa kamba, halafu fikiria kila bua linanenepa kidogo: mzigo utapanuka ubavuni lakini urefu wake utabaki ule ule. Mbao ndo hivyo, ni mirija midogo sana iliyolala kufuata urefu wa mti. Ndani ya mbao maji yanakaa sehemu mbili, kwenye tundu la mrija na kwenye kuta za mrija. Ya kwenye tundu yanatoka kwanza na yakitoka mbao inapungua uzito tu, haisinyai. Unyevu ukishashuka mpaka asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, maji ya tundu yamekwisha, sasa yanaanza kutoka ya kwenye kuta, na hapo ndo kusinyaa kunapoanza. Baada ya hapo mbao inafuata hewa. Kwenye joto letu la pwani, hewa yenye unyevu wa asilimia 65 inaifanya mbao itulie kwenye 12 hivi, hewa ikipanda mpaka 80 mbao nayo inapanda mpaka kama 16. Na sisi wa Kusini mvua yetu ni msimu mmoja mrefu, kifuku kinaanza Novemba au Desemba kinakwenda mpaka Aprili au Mei, hatuna vuli na masika kama Dar, kwa hiyo mbao zetu zinafanya safari moja ndefu ya kunenepa na moja ndefu ya kukonda.

Sasa mwelekeo, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo moyo wa mambo yote. Kufuata urefu wa nyuzi mbao haisogei, ni kidogo mno kiasi kwamba kwenye kibweta unaweza kusahau. Upana ndo unaosogea, na wenyewe una sura mbili. Tazama kichwa cha gogo, ile miduara ya mti: mbao inasinyaa zaidi kufuata duara kuliko kutoka katikati kwenda kwenye gome, kwa miti mingi ni karibu mara mbili. Kwa hiyo ukienda kununua usiangalie uso wa ubao peke yake, geuza uangalie kichwa chake. Ukiona mistari ya miduara imelala kama mawimbi, ubao huo utasogea sana na pia utajikunja kama kigae, kwa sababu ukikauka ile miduara inakuwa kama inataka kunyooka. Ukiona mistari imesimama wima kama meno ya kitana, huo ndo wa kifuniko na kitako. Bei ni ile ile, kazi yako ni kumwomba mwenye mbao ruhusa ya kupangua rundo, na mara nyingi anakubali ukimsalimia vizuri na ukirudisha ulipokuta.

Tupige hesabu ya kibweta cha dada. Paini ya miduara iliyolala, kila unyevu wa mbao unaposhuka kwa asilimia moja upana wake unapungua kama robo ya asilimia moja. Kitako kilikuwa na upana wa milimita 200. Kutoka kifuku mpaka kiangazi tuseme unyevu umeshuka asilimia 4, hiyo ni milimita 2 nzima kitako kinataka kupungua. Lakini kimegandishwa kwenye kuta mbili fupi ambazo nyuzi zake zinalala kufuata huo huo upande wa sentimita 20, na nimeshasema kufuata nyuzi mbao haisogei. Kitako kinasema napungua, kuta zinasema hatutoki hapa, gundi imeshika kweli kweli, sasa unadhani nini kitaachia? Mbao yenyewe. Gundi ilikuwa nzuri na uzuri wake ndo ulisaidia kupasua.

Ukishaiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini kuta nne zenyewe kwa zenyewe hazigombani. Nyuzi zinazunguka kibweta kama mkanda, kifuku kuta zote nne zinanenepa kwenda juu kwa pamoja, kiangazi zinashuka kwa pamoja. Kwa hiyo kwenye kona unaweza kutia gundi bila woga. Ugomvi uko sehemu mbili tu, kitako na kifuniko, na mbinu nyingi za mafundi wa zamani zinahusu kuamua ugomvi huo.

Kitako dawa yake ni kukiacha huru. Unachonga mfuo, yaani mfereji mwembamba kuzunguka kuta kwa ndani, kisha kitako kinachomekwa humo kabla hujafunga kona ya mwisho na hakipakwi gundi. Mimi kwenye ukuta wa milimita 10 nachimba mfuo wa kina cha milimita 4. Nikitengeneza kiangazi naingiza kitako milimita 3 tu kila upande ili kikinenepa kipate pa kwenda, nikitengeneza kifuku naingiza karibu 4 zote kwa sababu najua kitarudi nyuma. Ukitaka kisicheze cheze weka tone moja la gundi katikati ya kila upande mfupi, kitanenepea kushoto na kulia sawasawa. Na kipake rangi au mafuta KABLA hujakichomeka, la sivyo kiangazi kikirudi nyuma utaona mstari mweupe wa mbao isiyopakwa na utajuta. Njia ya mkato ni plaiwudi ya milimita 3, hiyo tabaka zake zimelazwa kupishana kwa hiyo zinashikana zenyewe na haisogei kiasi cha kukusumbua, unaweza kuigandisha pande zote. Wapo wanaodharau plaiwudi, mimi siidharau, kwa anayeanza ni msaada mkubwa.

Kifuniko ndo kila mtu anakilalamikia. Kinatengenezwa mwezi wa nane kinaingia vizuri kabisa, ufyoo, mwezi wa pili unakivuta mpaka kibweta kinanyanyuka nacho. Wengi wanakimbilia tupa na msasa, wanakula ukingo, kifuku kinafunguka lakini kiangazi kikirudi kinacheza kama jino bovu. Tatizo ni kifuniko cha ubao mmoja mpana kinachoingia NDANI ya kuta. Kikae juu ya kuta, na chini yake weka vijiti viwili vya kukiongoza visivyogusa ukuta kwa milimita moja na nusu kila upande, kitanenepa kwa raha zake. Vijiti hivyo ukivilaza kukatisha nyuzi za kifuniko usivipake gundi urefu wote, gandisha katikati tu.

Namna nyingine iko barazani, kasha la dhumna. Kile kifuniko cha kusukuma kinaingia kwenye mifuo ya kuta mbili ndefu na kinateleza, na ukikifanya vizuri nyuzi zake zinalala kufuata mwendo wa kuteleza, halafu ubavuni unaacha nafasi ndani ya mfuo. Hakuna bawaba, hakuna skrubu, na kimekaa kwenye unyevu wa pwani miaka na miaka. Mtu akiniuliza aanze na nini namwambia aanze na kasha la dhumna.

Wamakonde walishalijibu swali hili kwa njia yao kabla yetu. Vile vikopo vidogo vya ugoro na dawa, vyenye kizibo kilichochongwa kichwa cha mtu au mnyama, vingine ni vya mwanzi na vingine vya mti, ukiangalia cha mti utakuta nyuzi zimesimama wima kama zilivyosimama mti ukiwa hai. Ukichonga kizibo na kikopo kutoka kipande kimoja, nyuzi upande mmoja, vinanenepa pamoja na kukonda pamoja. Kasoro yake ni kwamba duara linageuka kuwa yai kidogo, kwa sababu ya ule usinyaaji wa sura mbili niliosema, kwa hiyo ukikizungusha kizibo kinashika mahali pamoja na kuachia pengine. Weka alama ndogo mbele na nyuma, kizibo kirudi pale pale kila siku.

Kwenye kona, kitu kinachochanganya wengi ni kwamba gundi ile ile nyeupe inashika sana mahali fulani na mahali pengine haishiki kabisa. Ubavu wa ubao ukigandishwa na ubavu wa ubao mwingine hauachii, utapasuka pembeni kabla gundi haijaachia. Lakini kichwa cha ubao ni midomo ya ile mirija, gundi inanywewa ndani na juu inabaki kidogo tu. Kona ya kugonganisha tu kichwa na ubavu ni dhaifu kwa sababu hiyo, na ndo maana mafundi wanakata meno yanayoingiana, kila jino linaongeza ubavu wa kushikana na ubavu. Kona ya digrii 45 inapendeza lakini nayo ni kichwa kwa kichwa, kwa hiyo paka gundi nyepesi kwanza, iache inywewe dakika chache, rudia mkono wa pili, na baada ya kukauka kata vijifereji kwenye kona kwa msumeno na uchomeke vipande vyembamba vya mbao nyeusi. Vinashika na vinapamba hapo hapo.

Kuhusu ukavu, sio lazima uwe na kipimo cha umeme. Nenda na vipande vyako dukani kwa mtu mwenye mizani ndogo ya digitali, pima, andika uzito kwa penseli kwenye ubao wenyewe pamoja na tarehe, rudi wiki ijayo. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, mbao imeshapatana na hewa ya hapo ulipo. Hifadhi kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Usianike juani hata kama una haraka, nje inakauka upesi na kusinyaa wakati ndani bado imenenepa, ngozi inapasuka. Na mbao ikitoka Nachingwea au Masasi kwenye ukavu ikaja Mtwara mjini karibu na bahari, ipe wiki kadhaa ndani ya nyumba kabla hujaigusa.

Mbao gani basi? Mninga ndo kipenzi changu, unasogea kidogo sana ukilinganisha na paini, unakubali randa, una rangi ya asali iliyoiva. Mkongo mzuri pia ila mgumu zaidi na vumbi lake linapigisha chafya, vaa barakoa, na mvule vilevile una watu unawawasha ngozi. Mtiki unatulia vizuri lakini una mafuta, futa uso kwa thina kabla ya gundi na gandisha hapo hapo. Mpingo ni habari nyingine. Uzito wake unapita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unazama, na hicho ndo kipimo cha kwanza cha kuutambua: tumbukiza kipande kwenye ndoo. Nasema hivi kwa sababu kuna mbao nyeupe zinapakwa kiwi cha viatu zinauzwa kwa jina la mpingo, na kibweta cha hivyo kikikaa kwenye joto kinachafua kitambaa na mikono. Mpingo unakauka polepole mno, ukiwa na haraka nao unapasuka vichwani, ndo maana vichwa vinapakwa nta mara tu baada ya kukatwa. Sioni sababu ya mtu wa kujifurahisha kukata mti wa mpingo unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa kwa ajili ya kiboksi. Omba masalia kwa wachongaji, vipande vya urefu wa kidole wanavyotupa vinatosha kona na kishikio, na ukinunua ubao mzima hakikisha una vibali vya misitu. Vijiji vya Kilwa huko Lindi vilianza kupata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa misitu wanayoilinda wenyewe, mpingo ukiwemo, kwa hiyo mpingo wa halali upo.

Mapambo sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panaponifurahisha. Nakshi ya kuchonga haina ugomvi na mbao, unaondoa tu, ila chonga ukifuata nyuzi zinavyolala, ukizikinza zinachomoka vipande. Kutia njumu ndo kunataka akili. Unachimba kishimo na kujaza kitu kingine, shaba, kifuu cha nazi, mpingo kwenye mninga. Kila unachojaza kina mwendo wake. Shaba haisogei na unyevu kabisa, mpingo unasogea kwa kasi yake, kwa hiyo utepe mrefu wa shaba unaokatisha upana wa kifuniko utanyanyuka kiangazi kifuniko kikisinyaa, nimeuona umejikunja kama upinde. Vunja utepe vipande vifupi. Tazama makasha ya zamani ya pwani, yamejaa misumari midogo ya shaba yenye vichwa vya mviringo imepangwa safu safu, kila msumari unatembea na sehemu yake ya ubao peke yake. Kuna uzuri pale lakini kuna akili pia.

Kifuu cha nazi ndo mali yetu ya bure. Chagua cha nazi iliyokomaa, kigawe vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, sugua upande wa ndani kwenye msasa namba 80 mpaka kilale sawa, namba ikipanda ndo msasa unakuwa laini. Chimba kishimo kwa ncha ya patasi kina cha milimita mbili, tia gundi ya epoksi, kwa sababu ile gundi nyeupe haishiki shaba wala kifuu kama inavyoshika mbao, bonyeza kipande kijitokeze kidogo juu. Kesho yake sugua vyote pamoja, 120, halafu 240, halafu 400. Mpaka 240 kifuu kinaonekana cha kijivu, kama vumbi, unaweza kukata tamaa. Kwenye 400 kinageuka ghafla kahawia nzito inayong'aa na vijimstari vyeusi ndani yake. Gamba la ng'amba usiliguse hata ukiletewa, kasa wanalindwa na sheria.

Skrubu na bawaba tumia za shaba. Chuma kwa chumvi ya hewa yetu kinashika kutu, na kutu inavimba na kupasua mbao. Kwenye mbao ngumu toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma itengeneze njia, itoe, ile skrubu ya shaba ipake sabuni ndo uifunge, vinginevyo kichwa kinakatikia mkononi.

Mwisho wa kazi watu wanadhani vanishi inafunga mlango kwa unyevu. Haifungi, inauchelewesha tu. Kwa hiyo ukipaka nje peke yake, ndani inakunywa haraka na nje polepole, kifuniko kinajikunja. Paka ndani na nje, tabaka sawa. Siku ya mvua usipake ile ya kupuliza yenye thina, thina ikiruka inapoza uso, unyevu wa hewa unatua juu yake na vanishi inakuwa nyeupe kama maziwa. Mafuta ya nazi watu wanayapenda ila hayakauki, yanabaki na baadaye yananuka. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, yasiwe kwenye kitu cha kushikwa na mikono. Mafuta ya kitani (linseed) ni mazuri, lakini matambara yake yatandaze yakauke, usiyabumbe ukayatupa pembeni, yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Mimi ndani na nje natumia nta ya nyuki na mafuta kidogo, nayeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nasugua kwa kitambaa cha pamba mpaka mkono uteleze.

Ukutani kwenye chumba ninachofanyia kazi nimetundika kipande cha paini cha upana wa sentimita 20, juu kimeshikwa na msumari mmoja, na nyuma yake karatasi ngumu yenye alama za penseli kila tarehe mosi. Alama ya Februari na ya Septemba zimeachana karibu milimita mbili. Kibweta cha pili cha dada nilikipimia hapo, kitako kimechomekwa bila gundi, kifuniko cha kuteleza, na kimeshapita vifuku viwili. Anakifungua kwa kidole kimoja.